Vidonge vya Maumivu na Maji ya Matunda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mjini Unguja)



Kamati yenu imenitaka niseme machache juu ya jambo ambalo, bila ya shaka, kila mmoja wetu analo karibu naye hata saa hii. Karani akifungua mtoto wa meza yake afisini, hakosi kutoa karatasi ya vidonge vya kichwa. Na siku hizi ubavuni mwake pana kopo la unga wa ubuyu, au chupa ya maji ya matunda yaliyokamuliwa na kusifiwa sana, au vidonge vikubwa vya vitamini C vinavyochemka katika gilasi. Vile huvinywa kwa ajili ya maumivu, na hivi huvinywa kwa ajili ya afya, na hapana ajiulizaye kama vitu hivyo viwili vikikutana tumboni vitapatana au vitagombana. Mimi niliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la kutolea dawa nimeulizwa sana habari za bei, kidogo habari za kipimo, na habari ya kukutana huku karibu sijaulizwa kabisa.

Wapitao njia ya bandarini, pale Malindi, hulijua jumba la roshani za mbao zilizonakshiwa, ambalo Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 liwe mahali pa kutibia watu. Yeye alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijakwisha, na jumba likamalizika mwaka 1894. Zama hizo dawa zilikuwa haba, na mtu alikunywa kile alichochanganyiwa. Leo mambo yamegeuka. Nusu ya dawa zetu twanunua katika duka la dawa la mtaani, nusu nyingine twanunua Darajani karibu na mafungu ya matunda, na nyingine tena twaletewa afisini na rafiki aliyepewa mkoba wa kuuza. Daktari huiona sehemu moja tu ya hayo, nayo ni ile iliyoandikwa kwa mkono wake.

Hoja ninayoisikia kila siku ni hii: kidonge ni dawa, lakini tunda ni chakula, na kitu cha asili hakidhuru. Wasemao hivyo yafaa wakumbuke nasaba ya asprini yenyewe. Watu wa Ulaya walikuwa wakitafuna gome la mti mmoja wa nchi za baridi ili kuondoa homa na maumivu. Wakemia wakakitafuta kilichomo, na mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, akakitengeneza kiungo tukiitacho asprini, nacho kikaanza kuuzwa mwaka 1899. Basi ikiwa mti waweza kuzaa dawa yenye nguvu ya kutoboa tumbo la mtu, kwa nini tunda lisiwe na nguvu yake? Mwili hauulizi kitu kimetoka shambani au kiwandani.

Kwanza tuvitenge vidonge vyenyewe, maana ni koo mbili zisizofanana, na watu wengi huviita vyote kwa jina moja la dawa ya maumivu. Ukoo wa kwanza ni wa parasetamoli, ambayo wengi waijua kwa jina la Panadol. Hii ni mpole kwa tumbo, lakini adui yake ni ini. Mtu mzima mwenye afya hapasi kupita miligramu 4000 kwa mchana na usiku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tena visigawanywe chini ya saa nne kwa saa nne. Mtu mwembamba sana, au mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe, kipimo chake ni chini ya hapo. Parasetamoli nyingi hugeuka sumu ndani ya ini, na ini lina akiba yake ya kuizima sumu hiyo. Akiba ikisha, ini lenyewe huungua. Na ubaya wake ni kuwa siku ya kwanza mtu aweza kujiona hana neno, kumbe madhara hudhihiri siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuizima ipo, jina lake asetilisisteini, nayo hufaa sana ikitolewa katika saa 8 za mwanzo. Kwa hivyo aliyezidisha, awe mtoto au mkubwa, apelekwe hospitali saa ile ile, asikae nyumbani kunyweshwa maziwa na maji ya ndimu.

Wengi wapitao kipimo hawakukusudia. Amekunywa Panadol mbili kwa kichwa, kisha dawa ya mafua, kisha kidonge cha mgongo alichopewa na jirani. Na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli, na katika maduka yetu viko vidonge vilivyochanganya diklofenaki na parasetamoli pamoja. Jina la juu ni mbalimbali, kilicho ndani ni kimoja. Someni maandishi madogo.

Ukoo wa pili ni wa asprini, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi huondoa uvimbe pamoja na maumivu, ndiyo maana wenye magoti na migongo huzipenda. Lakini hupunguza utando unaolinda tumbo, hupunguza damu iendayo katika figo, na hupandisha presha kwa watu wengine. Na asprini huizuia damu isigande upesi. Asiyeandikiwa na daktari asipite miligramu 1200 za ibuprofeni kwa siku. Asprini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari. Na katika homa isiyojulikana, khasa tangu tuone homa ya dengi ilivyoenea nchini Tanzania mwaka 2019, asprini na ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe kando, maana dengi yaweza kuleta kutoka damu. Homa hutulizwa kwa parasetamoli, na mtu akapimwe damu.

Sasa natuje kwenye matunda, na nitaanza na ukwaju, kwa kuwa ndio tunaoutumia zaidi, na ndio uliopimwa kwa wanadamu. Mwaka 1996 watafiti wa Nigeria walitoa khabari ya majaribio yao: watu wachache wenye afya walipewa asprini mara na maji matupu, na mara nyingine pamoja na chakula kilichotiwa maji ya ukwaju. Walipopima damu waliona kuwa pamoja na ukwaju asprini iliyoingia damuni ilizidi sana. Mwaka 2003 walifanya vivyo hivyo kwa ibuprofeni, nayo pia ikaongezeka. Waliojaribiwa walikuwa wachache, na mimi sisemi kuwa bilauri ya ukwaju ni sumu. Lakini fikirini hali zetu za Ramadhani. Mtu amefunga tangu alfajiri, chai ya asubuhi ameikosa, kichwa chamgonga tangu saa nane. Adhana ikilia, kabla ya tende ya pili, atia vidonge viwili vya asprini mdomoni na kuvisukuma kwa gilasi kubwa ya ukwaju baridi. Tumbo ni tupu, maji yamepungua mwilini, na dawa yaingia kwa wingi kuliko alivyokadiria aliyeiandika. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, huo ni mlango wa kutapika damu.

Dawa ya jambo hili haina gharama. Futuru kwanza kwa tende, uji na maji. Ukiona kichwa hakijatulia, kunywa parasetamoli kwa maji matupu. Na ikiwa ni lazima uwe na kidonge cha ukoo wa pili, kinywe baada ya chakula, na ukwaju uusubirishe saa mbili au zaidi. Ukwaju uliotiwa katika mchuzi kwa kukolezea si wa kuogopwa. Nasema juu ya gilasi kubwa, na juu ya zile dawa lishe za ukwaju uliokaushwa na kukazwa, ambazo kijiko kimoja ni sawa na maganda mengi.

Choya nayo ilipimwa huko huko Nigeria, mwaka 2004, pamoja na parasetamoli. Huko waliona kinyume: dawa ilitoka mwilini upesi kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, na hatari si kubwa. Naitaja kwa sababu moja. Mtu aonapo kidonge hakikumfaa kama jana, huongeza kingine. Asiongeze, kipimo ni kile kile.

Ubuyu nao ni tunda la heshima. Nchi za Ulaya ziliukubali unga wake kuwa chakula mwaka 2008, nasi tulikuwa tumeshaula kabla yao kwa muda usiohesabika, na huu wetu mwekundu wa sukari na hiliki wala hauhitaji kibali cha mtu. Ndani yake mna pektini nyingi, yaani kile kinachoufanya uji wake uwe mzito. Huko Uingereza, mwaka 1979, ilionekana kuwa pektini na utomvu wa namna hiyo hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na parasetamoli ikachelewa kuingia damuni. Basi anywaye kidonge kwa uji mzito wa ubuyu asishangae kikikawia, wala asikirudie baada ya nusu saa.

Balungi limesingiziwa mengi, nami nataka kulitetea na kulishitaki kwa pamoja. Mwaka 1989, katika mji wa London huko Kanada, David Bailey na wenziwe walikuwa wakijaribu dawa ya presha iitwayo felodipini pamoja na pombe. Wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, na wakashangaa kuona dawa imejaa damuni kupita kiasi. Ikajulikana baadaye kuwa balungi huua kimeng'enya fulani cha matumbo ambacho kazi yake ni kuvunja dawa kabla hazijaingia, na nguvu hiyo hudumu siku nzima na zaidi, kwa hivyo kutenganisha saa hakufai. Danzi nalo lina tabia hiyo. Parasetamoli na ibuprofeni hazipiti katika mlango huo kwa kiasi cha kututia khofu. Mwenye Panadol yake na ale balungi kwa raha. Walakini mtu aliyepewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni baada ya kupasuliwa, kama oksikodoni, au kabamazepini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, au kolchisini kwa jongo, au anayetumia nifedipini au felodipini kwa presha, au simvastatini kwa mafuta ya damu, huyo aache balungi na danzi mpaka amwulize mfamasia wake.

Sasa nafika kwenye tunda linalonitia wasiwasi kuliko yote, nalo hamlidhanii: mbirimbi. Twalipenda katika mchuzi wa samaki, katika achari na kachumbari, na mti wake u katika kila ua shamba. Hapo hapana neno. Lakini imezuka desturi, nayo imetoka ng'ambo kupitia simu za mkononi, ya kusaga mbirimbi mbichi na kunywa maji yake asubuhi ili kushusha mafuta ya damu na sukari. Katika jimbo la Kerala, Bara Hindi, ambako mti huu ni wa nyumbani kama kwetu, madaktari walitoa khabari mwaka 2013 ya wagonjwa 10 waliokunywa maji hayo na figo zao zikasimama ghafula. Wengi wao ilibidi wasafishwe damu kwa mashine. Sababu yake ni asidi iitwayo oksaliki iliyojaa ndani ya tunda, ambayo hukutana na chokaa ya mwilini ikawa vijiwe vidogo mno, na vijiwe hivyo huziba mirija ya figo.

Hebu sasa mchukueni mtu wa umri wetu. Amekaa kitini miaka 25, mgongo wamuuma, na kila siku anameza diklofenaki mbili. Tumekwisha sema kuwa diklofenaki hupunguza damu iendayo figoni. Ana presha, kwa hivyo amepewa enalaprili au losartani, na kidonge cha kumkojoza. Vitatu hivyo vikiwa pamoja tayari vimeibana figo, nao madaktari huuogopa sana mkusanyiko huo. Juu yake aongeze gilasi ya mbirimbi, na iwe ni mwezi wa jua kali, au amefunga. Hapo figo haina pa kutokea. Mtu huyo hatasikia maumivu ya figo, maana figo haisemi. Ataona mkojo umepungua, miguu imevimba, kichefuchefu. Atadhani ni tumbo, na atameza kidonge kingine.

Kwa mtu wa namna hiyo iko hatari ya pili, nayo ni potasiamu. Hii ni chumvi iliyomo katika ndizi, tende, madafu na maji mengi ya matunda, nayo ni njema kwa mwenye figo nzima. Figo zikidhoofika, potasiamu hubaki damuni, na ikizidi hulivuruga pigo la moyo. Dawa za ukoo wa pili huizuia isitoke, na enalaprili na losartani vivyo hivyo. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa figo aliyekatazwa vyakula vyenye potasiamu, naye akashika amri, lakini potasiamu yake ikazidi kupanda. Mwisho ikagunduliwa kuwa alikuwa akinywa maji ya noni, ambayo hakuyahesabu kuwa chakula wala dawa. Hilo ndilo jina baya la vitu hivi: vimekaa katikati, na mgonjwa hukosa kuvitaja kwa sababu hakuulizwa kwa jina lake.

Embe nalo nalitaja kwa ajili ya wachache wanaomeza wafarini ya kuzuia damu isigande. Mwaka 2002 ziliandikwa habari za wagonjwa 13 waliokula maembe mengi kila siku, na wafarini ikazidi nguvu. Msimu wa embe ukifika, watu hao wapime damu, wala wasiongeze asprini kwa shauri lao wenyewe. Na yule aliyeandikiwa asprini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo ajue kuwa ibuprofeni huizuia isifanye kazi. Akiihitaji, ainywe nusu saa au zaidi baada ya asprini, au saa 8 kabla yake.

Vidonge vichemkavyo katika maji vina siri yao. Kinachovichemsha ni magadi, na magadi yana natiri, ile ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha namna hiyo huwa na natiri kama miligramu 400. Vinane kwa siku ni 3200, na Shirika la Afya Duniani limesema mtu mzima asifike 2000 kwa siku, chakula chote kikiwemo. Mwenye presha aepuke chumvi mezani kisha ainywe katika gilasi? Vitamini C ichemkayo nayo ina natiri yake. Na juu ya vitamini C yenyewe, katika miaka ya 1970 ilionekana kuwa gramu 3 kwa mara moja huichelewesha parasetamoli kutoka mwilini. Gramu 3 ni sawa na machungwa 40 na kitu, basi mla chungwa hana kesi. Kesi ni ya mla kopo.

Nimewekea mwisho jambo ambalo si la tunda wala la kidonge, bali la udanganyifu. Ziko dawa lishe za magoti na viungo zinazouzwa kwa sifa ya kuwa ni matunda na mimea mitupu, na kweli mtu akizinywa hupona siku ya pili. Kupona upesi hivyo ndiko kunakopaswa kututia shaka. Mwaka 2022 wakala wa chakula na dawa wa Marekani ulitoa onyo juu ya dawa lishe iitwayo Artri King, kwa kuwa ilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ndani yake, wala hazikuandikwa juu ya chupa. Mnywaji wa chupa kama hiyo akiongeza kidonge cha maumivu amekwisha zidisha kipimo pasipo kujua, na akiiacha ghafula baada ya miezi, mwili wake uliokwisha zoea deksamethasoni waweza kuanguka. Hapa kwetu tunao Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe, na mwuzaji asiyejua lo lote ila kusifu, ipelekwe huko ikaangaliwe, hata ikiwa mwuzaji ni mjomba.

Bwana mmoja ameniletea kijikaratasi akiuliza juu ya mafuta ya karafuu kwa jino. Karafuu si tunda, ni tumba la ua, lakini kwa kisiwa chetu swali hilo halikwepeki. Tone moja juu ya pamba, likawekwa kwenye jino, hutuliza. Na mtu aweza kunywa parasetamoli pamoja nalo. Kuyameza mafuta hayo ni jambo jingine kabisa: kwa mtoto mdogo kijiko kimoja huliunguza ini mfano wa parasetamoli iliyozidi. Yale yatokayo kiwandani Pemba ni makali na safi, kwa hivyo chupa iwekwe juu, mbali na mikono midogo.

Ye yote aliyekuja na chupa au kopo lake, na aniletee mezani wakati wa chai tulisome pamoja. Na anywaye dawa za presha aniandikie majina yake yote katika karatasi, pamoja na maji ya matunda ayanywayo.